Kusafirisha sampuli za samaki nje ya nchi: anza na penseli

Juzi vichupa vyangu vya nyama ya migebuka wa Kibirizi, Kigoma, vimefika maabara Ulaya. Viko 60. Mwaloni niliondoka na 74.

Barua ya chuo, kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na utambulisho kwa ofisa uvuvi mnavijua. Anzeni mapema tu. Mwaloni piga hodi kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, la sivyo hutakata pezi hata la dagaa.

Kilichoniumiza ni lebo. Niliandika namba kwa maka pen juu ya vifuniko. Ethanoli, yaani spiriti ya kuhifadhia nyama, ikavuja kidogo, wino ukayeyuka. Siku ya ukaguzi ofisa akafungua boksi, akatoa kimoja kimoja kama anayekagua mayai, akaniinulia kichupa: "Hiki namba ngapi?" Nikabaki natabasamu. Ombi la kibali cha kusafirisha lilisema 74, vilivyosomeka 60. Nikaandika ombi upya, wiki tatu zikayoyoma. Kwa hiyo: kikaratasi kigumu, namba kwa penseli, kitumbukize humo humo pamoja na nyama. Namba hiyohiyo iwe kwenye orodha ya ombi, na jina la kisayansi, Lates stappersii, maana "mgebuka" peke yake hurudishwa. Mkataba wa kukabidhi sampuli usainiwe na pande zote mbili kabla hujapanga foleni.

Nyama haisubiri vibali. Kata kipande kidogo kama punje ya maharage, sehemu moja ya nyama kwa kumi za ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kisha ibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya nyama huizimua. Formalini huharibu DNA, iache. Futa wembe kwa jiki kila unapohamia samaki mwingine.

Ukiwa na papa nyundo, hata kipande cha pezi kinadai kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Mwisho ni kaunta ya vifurushi, ambako neno "ethanoli" linawatia watu jasho. Kinga yako ni kifungu A180 cha kanuni za IATA, shirikisho la mashirika ya ndege: kichupa kisizidi mililita 30, boksi zima lita 1, mifuko miwili iliyozibwa kwa joto, na kitu cha kufyonza kati yake. Nje andika kwa Kiingereza kwamba ni sampuli za utafiti zisizozuiliwa, A180 inatumika. Mimi nilirudishwa mara mbili. Ya tatu nikamwekea dada wa kaunta ukurasa wenyewe niliouchapisha. Akausoma hadi chai yake ikapoa, akavuta mizani.