Somo: Kupima Kani na Kurefuka kwa Chuma kwa Kutumia Streni Geji

Chuma kikibebeshwa mzigo hurefuka au hufupika, ijapokuwa kwa macho hatuoni. Streni geji ni utepe mwembamba wa metali, aghalabu konstantani (aloi ya shaba na nikeli), uliopangwa mizunguko juu ya kijikaratasi cha plastiki na kubandikwa kwenye chuma hicho, ili chuma kikirefuka nao urefuke, upungue unene, na ukinzani wake wa umeme uongezeke. Mwanafizikia Lord Kelvin alilieleza jambo hili mwaka 1856, lakini geji za kubandikwa zilianza 1938 kwa kazi ya Edward Simmons na Arthur Ruge wa Marekani, kila mmoja kivyake.

Hatua ya 1: Andaa chuma. Hapa ndipo kazi yote hupona au huharibika, kwa kuwa geji haipimi ila kile ambacho gundi imeipitishia. Ondoa mafuta kwa asetoni, sugua kwa msasa laini, kisha pangusa kwa kitambaa safi kuelekea upande mmoja tu, ukibadilisha kitambaa hadi kitoke bila doa.

Hatua ya 2: Bandika. Ilaze geji sambamba na mwelekeo wa kani, tia tone dogo la supaglu, uibonyeze kwa kidole gumba takriban dakika moja. Ukiona kiputo cha hewa chini yake, ing'oe na uanze upya. Baada ya hapo lehemu nyaya na uifunike isipate unyevu.

Hatua ya 3: Unganisha daraja la Wheatstone, yaani saketi ya mikono minne ya vikinzani, geji ikiwa mkono mmoja, ambayo hugeuza badiliko dogo la ukinzani kuwa volti; kisha piga hesabu. Tuseme bamba la chuma la milimita 20 kwa 5 linavutwa hadi kila mita yake irefuke nusu milimita. Geji ya omu 350, ambayo kigezo chake (uwiano wa badiliko la ukinzani kwa badiliko la urefu, yote kwa sehemu) ni 2, itaongezeka omu 0.35 tu, na daraja lililopewa volti 5 litatoa takriban milivolti 1.25, ndiyo maana amplifaya ni ya lazima. Unyumbufu wa chuma (mkazo ukigawanywa kwa urefukaji wa kila mita) ni gigapaskali 200 hivi, kwa hiyo mkazo, yaani kani kwa kila eneo, ni megapaskali 100, na kani ni newtoni 10,000, yaani uzito wa karibu tani moja.

Maswali ya wanachama

Swali (Kariobangi, Nairobi): Mwalimu, mizani yangu ya streni geji iko uani. Asubuhi husoma sifuri, lakini jua la adhuhuri likiiwakia husonga ingawa haina mzigo. Kwa nini?

Jibu: Joto hurefusha chuma bila kani yoyote. Bandika geji ya pili kwenye kipande cha chuma kilekile kisichobeba mzigo, kikae palepale penye joto hilo, kisha uiunganishe kwenye mkono jirani wa daraja. Mabadiliko ya joto yatabatilishana, na ya mzigo yatabaki.

Swali (Eneo la Viwanda): Je, naweza kuibandika kwenye plastiki?

Jibu: Naam, ila plastiki haipitishi joto vizuri, hivyo geji hujipasha yenyewe na kipimo huyumba. Chagua geji ya omu 350 badala ya 120, na upunguze volti za daraja.