Kompakta ya kabro: jinsi ya kuibuni upya kwa projekti ya chuo

Mkipewa projekti ya kubuni upya mashine ndogo ya mjengo wengi wenu mnakimbilia laptop kuchora bodi ya manjano yenye kona kali. Iwacheni kwanza. Nimeifanya kazi hii na wanafunzi hapa Mombasa, tulichukua kompakta, ile ya sahani inayoshindilia kabro (matofali ya kupanga chini njiani), na nawaambia kazi yote iko kwenye mikono ya anayeishika.

Hatua ya 1: nenda saiti, ukae
Siku nzima, si saa moja. Sisi tulikaa na mafundi waliokuwa wakipanga kabro kichochoroni Mji wa Kale, na mzee anayeiendesha alikuwa ameuzungushia mshikio tyubu ya baiskeli mara saba. Alipozima injini alishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, akampa kijana amfungulie, akaniambia, "Mwanangu, vidole hivi usiku vyaniwasha vyote." Ile tyubu ndo projekti yenyewe. Pimeni unene wake, muulizeni mbona saba si tatu.

Hatua ya 2: jua mtetemo watoka wapi
Chini ya injini (mara nyingi ya petroli, kama Honda GX160 ya cc 163) kuna shafti yenye uzito uliokaa upande mmoja, mkanda unaizungusha na sahani inatetema kama mara 90 hivi kwa sekunde. Hiyo ndo inayoshindilia kwa hivyo usiipunguze, we zuia tu isipande mshikioni. Umoja wa Ulaya kwa agizo lao la 2002 waliweka kiwango cha mtetemo unaofika mikononi: 2.5 m/s² kwa siku ya masaa 8, hapo mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndo mwisho. Kupima usitegemee app ya simu manake simu nyingi zinasoma kama mara 100 kwa sekunde, na mtetemo wa mara 90 unataka zaidi ya 180 ndo uonekane sawasawa. Azima kipimo maabara ya mekanika.

Hatua ya 3: boksi na paipu za PVC
Unda mfano wa saizi kamili. Pima kimo cha viwiko vya mafundi wenyewe, usinakili jedwali la watu wa Ulaya. Na kumbuka mashine hii yabebwa na watu wawili kuingizwa kwa tuktuk, basi mshikio ukunjike.

Hatua ya 4: raba
Hapa ndo tulikaa wiki nyingi. Raba zetu za kwanza, zile zinazokaa kati ya mshikio na mashine, zilikuwa laini sana, mtetemo ukashuka vizuri lakini mzee akifika kona mshikio unayumba, mashine haigeuki, ikabidi aisukume kwa mgongo, yaani tumetoa maumivu vidoleni tukayapeleka kiunoni. Dawa haikuwa raba ngumu. Tulizitenga mbali kushoto na kulia, zikabaki laini juu-chini lakini mshikio ukakataa kupinda ukigeuza.

Hatua ya 5: nati
Stenlesi, hewa yetu ina chumvi.

Hatua ya 6: irudishe kwa mwenyewe
Mzee aliishika nusu saa, akatoa tyubu mizunguko mitano, miwili akaibakisha. Kumuuliza, akasema jasho lateleza. Tukarudi kuchora mshikio wenye mifereji.