Farasi asiyepandwa: jinsi ya kumzuia asinenepe

Kidonda cha tandiko kinaweza kumweka farasi wiki nyingi bila kupandwa, na kwa malisho ya Karen na Ngong, kwetu Nairobi na kando yake, atanenepa upesi. Haya ndiyo ninayowaelekeza masaisi, yaani watunza farasi, ilimradi daktari wa mifugo ameruhusu farasi atembezwe.

1. Pima uzito. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Sentimita ulizopata zizidishe kwa zenyewe, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 160 ni kama kilo 436. Rudia kila wiki. Mbavu uzipate kwa kupapasa, usizione kwa macho.

2. Ondoa nafaka na pumba. Chumvi aendelee kupewa.

3. Pima nyasi kavu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Anza na asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Kwa huyo wa kilo 436 ni kilo 6 na nusu hivi. Usikadirie kwa kumbatio wala kwa vipande vya robota, maana marobota ya shamba moja hupishana sana. Nunua mizani ya ndoano, jaza wavu, ning'iniza, soma. Chagua nyasi aina ya boma rhodes zilizokomaa. Lusini (alfalfa) ina nguvu mno kwa farasi asiye na kazi. Asipopungua, loweka nyasi saa moja ukishazipima, kisha maji yamwage, kwa kuwa yamebeba sukari. Usiziloweke usiku kucha, zitachacha. Gawa mara tatu au nne, kwenye wavu wa matundu madogo, kwani tumbo likikaa tupu kwa saa nyingi hufanya vidonda. Wala usimnyime chakula ili apungue haraka! Poni au punda mnene akikosa chakula ghafla, mafuta hujaa kwenye damu na anaweza kufa. Akisusa chakula, mwite daktari siku hiyohiyo.

4. Mtembeze. Kumzungusha kwa kamba sikupendi kwa farasi wa hali hii. Miduara huchosha viungo. Bora umwendeshe kwa vigwe virefu (hatamu ndefu), wewe ukitembea nyuma yake, pembeni kidogo. Kama mkanda wa mwilini unaoshikilia vigwe unagusa kidonda, mwongoze kwa mkono. Anza dakika 15, ongeza taratibu hadi 45, na utafute mteremko: akipanda kilima, makalio na tumbo hufanya kazi bila mzigo mgongoni. Badilisheni upande wa kumshikia.

5. Mrudishe bandani kabla ya magharibi, asitoke mpaka jua lichomoze. Usubi wa usiku ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness).

6. Gusa kwato kila asubuhi. Zikiwa na joto na mshipa juu yake unadunda kwa nguvu, usimtembeze. Mwite daktari.