Keji kubwa ndo inamfanya mbwa wako mdogo ajichafue usiku

Jamani wenye mbwa wadogo wa ndani, Maltese, Chihuahua, Pomeranian na hao machotara wa manyoya, leo tuongelee keji tu. Chanjo na dawa ya minyoo mnazijua, sirudii. Malalamiko ninayopokea ni yaleyale, "afisa, huyu mbwa ni mchafu, kila asubuhi namkuta kalowa mkojo, kinyesi kakikanyaga mpaka kwenye nyaya, namuogesha kila siku", halafu ukifika kwa huyo mtu hata hujakaribishwa maji ya kunywa unaliona jibu limekaa sebuleni, katoto ka mbwa ka sentimita 30 kamefungiwa kwenye keji ya futi 3, wengine futi 4 kabisa.

Mnanunua keji kama mnavyomnunulia mtoto sare ya darasa la kwanza, "atakulia humohumo". Sare ikizidi unakunja mikono maisha yanaendelea, ila keji ikizidi mbwa anapata kona ya kulala na kona ya kwenda haja, na akishazoea hivyo wiki mbili tatu wewe ndo umemfundisha, tena kwa hela yako. Na kinachoniudhi zaidi ni hatua inayofuata. Mtu anaona mbwa kajichafua, anasema maskini amebanwa, anaenda kwa fundi wa mageti anachomelewa keji kubwa zaidi! Tatizo linaongezwa futi.

Mbwa hapendi kuchafua anapolala, hiyo anazaliwa nayo. Papi, yaani mtoto wa mbwa, akifika kama wiki 3 anaanza mwenyewe kujikokota kutoka pale wanapolala na mama yake ili aende haja pembeni. Keji inafanya kazi kwa sababu hiyo tu, hakuna uchawi mwingine. Sasa ukimpa "pembeni" ndani ya keji hana sababu ya kukuamsha wala kujibana, anahama sentimita 40 anakojoa anarudi kulala, na kwa vile sakafu ya keji ni trei, mkojo unamfuata mpaka alipolala. Hapo ndo unamkuta kalowa.

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, sio kukadiria kwa macho. Mbwa asimame, pima kutoka ncha ya pua mpaka mkia unapoanzia, narudia, UNAPOANZIA, kuna watu wanapima na mkia wote alafu wananiambia wamefuata maelekezo. Ongeza sentimita 10. Huo ndo urefu wa ndani. Kimo, mkalishe chini, pima kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa, ongeza sentimita 5 hadi 10. Upana awe na uwezo wa kujigeuza na kulala ubavu miguu imenyooka bila kugusa nyaya kwa nguvu. Papi wako akiwa na sentimita 30 anahitaji urefu wa sentimita 40. Keji ya futi 3 ina kama sentimita 91. Yaani umempa sentimita 51 za choo.

Sisemi mkanunue keji nyingine. Tieni patisheni. Keji nyingi za waya za dukani zinakuja na kipande chake cha kugawia, ila wengi wenu mmekiacha kwenye boksi au mmekitupa, nimekiona kimoja kinatumika kuanikia vyombo. Kama huna, nenda kwa seremala yeyote, wa Keko au wa mtaani kwako, muombe kipande cha plaiwudi cha milimita 9 au 12, akate upana na kimo cha keji kwa ndani, apige msasa kingo zote, atoboe matundu manne pembeni, ufunge kwa waya mwembamba ule wa kufungia nondo, ncha za waya zikunjwe upande asiokaa mbwa. Boksi la karatasi usiweke, atalitafuna usiku mmoja kisha apite. Na plaiwudi ikikojolewa ikalowana itupe ukate nyingine, mbao inanyonya harufu, na pale kwenye harufu ndo atarudi.

Kila Jumapili pima tena. Nafasi iliyobaki nyuma ya mkia ikishuka chini ya sentimita 5 sogeza patisheni, na usisogeze kwa huruma, sogeza kwa futi kamba. Hawa mbwa wadogo wengi wanamaliza kukua kati ya miezi 8 na 12, kwa hiyo kazi yenyewe sio ya maisha.

Najua mtakachosema. Joto. Dar hii, Desemba mpaka Machi, nimbane mbwa kwenye sentimita 40 si atakufa? Joto linaondolewa na hewa inayopita, sio na ukubwa wa sakafu. Keji iwe ya waya pande zote, ikae kwenye vigae, mbali na ukuta unaopigwa jua la jioni, usiifunike na blanketi zito, feni ipulize chumba. Mbwa anayehema ulimi nje usiku kwenye keji ndogo atahema hivyohivyo kwenye keji kubwa kama chumba hakina hewa. Na wale wenye pua bapa kama Shih Tzu na Pekingese ndo muwe makini kweli, hao joto linawaumiza haraka kuliko wengine. Ndani weka kipande cha kanga kuukuu, basi. Godoro la sponji linakunywa mkojo, juu linakauka, mbwa halowi, anaona hana shida.

Sasa saa. Hapa lazima niwe mkali, maana kuna atakayesoma mpaka hapa akaenda kubana keji alafu akafunga mlango baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 10. Papi wa miezi 3 hana kibofu cha masaa 10, ukimbana kwenye keji ndogo masaa yote hayo atajichafua kwa lazima na safari hii hana hata pa kukwepea, na huo ni ukatili. Hesabu tunayotumia ni umri kwa miezi jumlisha 1, hayo ndo masaa anayoweza kujizuia kwa makadirio. Miezi 2 masaa 3, miezi 3 masaa 4. Ni kikomo hicho, sio lengo, na wadogo sana kama Chihuahua punguza kidogo.

Kwa papi wa miezi 3 fanya hivi. Chakula cha mwisho saa 1 usiku, na kiishie hapo, habari ya kumtupia samaki wakati familia inakula saa 3 acheni, maana baada ya kula haja kubwa huwa inakuja ndani ya dakika 5 mpaka 30 na mabaki yake yanamalizikia usiku kwenye keji. Ila papi mdogo kabisa, ambaye hata kilo moja hajafika, usimkalishe njaa muda mrefu, sukari inashuka anaweza kuzimia, ratiba ya chakula ya huyo panga na daktari wako wa mifugo. Maji yaondoe saa 3 na nusu, sio saa 12 jioni, kwa joto letu hili, na kama usiku umewaka mpe alambe kidogo. Saa 4 na nusu mtoe nje, simama naye mpaka akojoe, papi wengi wanakojoa mara mbili kwa hiyo subiri dakika 3 zaidi. Weka alamu saa 8 usiku. Mtoe, usimchekee, usiwashe taa zote, akimaliza rudisha. Kisha adhana ya alfajiri ndo alamu yako ya pili, bure kabisa, mtoe tena. Akikaa mkavu usiku 3 mfululizo sogeza ile ya saa 8 mbele kwa dakika 20, tena 20, bila kupita kile kikomo cha umri wake, mpaka ikutane na adhana. Akichafua, rudi hatua moja, sio sifuri.

Mbebe. Usimtembeze kutoka keji mpaka mlangoni, atakojoa koridoni, na wanaokaa ghorofani Upanga au Kariakoo mnanielewa, lifti ikiwa haifanyi kazi ndo usiku wenyewe mrefu. Kama hajamaliza chanjo za parvo, virusi vya kuharisha vinavyoua papi, na hizo zinakwenda mpaka umri wa wiki 16, usimshushe chini kwenye barabara wanapopita mbwa wa mitaani, virusi hivyo vinakaa ardhini miezi. Weka beseni pana lenye mchanga kwenye baraza. Wenye mlinzi mnaweza kumpa zamu ya saa 8 kwa kuelewana naye vizuri, yuko macho hata hivyo (au ndo tunavyoamini). Dada wa kazi usimlazimishe kama dini yake haimruhusu kushikashika mbwa, mbwa ni wako, amka.

Kusafisha, Jik weka pembeni. Mkojo ukichanganyika na Jik unatoa hewa inayochoma kifua, chako na cha mbwa. Osha trei kwa sabuni ya unga na maji, suuza, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza tena, anika juani mpaka ikauke kabisa. Na huku kumsugua pua kwenye kinyesi saa 12 asubuhi kwa kosa la saa 9 usiku, haelewi chochote, anajifunza kukuogopa tu na kujificha anapotaka kukojoa, ukimtoa nje hakojoi mbele yako.

Wapo ambao keji ndogo haitawasaidia. Papi aliyelelewa kwenye kizimba cha muuzaji akilala na kinyesi chake tangu azaliwe, ile hali ya kuchukia uchafu imeshakufa, huyo mtoe kwenye keji kwanza, alale sehemu ya kuoshea iliyozungushiwa wavu, mtoe kila masaa 2 hata kama unalia, keji irudi baadaye. Mwingine anajichafua huku akitoa udenda mwingi na kukwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu, huyo ana hofu ya kuachwa peke yake, sogeza keji chumbani kwako ulale naye karibu.

Ukifaulu utajua, kanga kavu asubuhi na mbwa anakulilia mlangoni, basi.

Lakini mbwa aliyeshakua, aliyekuwa msafi miezi yote alafu ghafla ameanza kujichafua, usiguse keji kabisa, huenda ana ugonjwa. Anakojoa kidogokidogo mara nyingi, au anaharisha, mpeleke kliniki. Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya kahawa na ulimuona na kupe, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, usisubiri Jumatatu.