Kumfundisha mwanafunzi wa masta kutengeneza modeli ya tetemeko: kalamu kwanza, laptopu baadae

Kila mwaka napata wanafunzi ambao siku ya kwanza tu wanataka kubonyeza kitufe programu iwaletee majibu, na kwa kweli programu haijawahi kukosa jibu, hata ukiilisha takataka itakuchorea ufa mzuri kabisa, una urefu wake na kina chake. Ndo maana mimi naanzia mbali. Mfano wangu ni matetemeko ya mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, pale kusini mwa Ziwa Natron, 2007.

Hatua ya 1: laptopu zifungwe. Ufa wa kilomita 10 kwa 8, umeteleza nusu mita, ugumu wa mwamba chukua paskali bilioni 30. Zidisha vyote (kilomita zigeuze mita kwanza jamani), unapata nyutoni-mita 1.2 × 10^18, yaani tetemeko la ukubwa wa kama 6.0. Sasa waulize, ufa ukiwa nusu ya huo halafu uteleze mara mbili? Ukubwa uleule! Waliandike hilo pembeni, litarudi.

Hatua ya 2: kodi ya Okada, namaanisha ya kompyuta, siyo ya nyumba. Okada ni mtaalamu wa matetemeko wa Japani, na hizi ni fomula alizochapisha 1985, zinakwambia uso wa ardhi unasogea kiasi gani pale mstatili ulioko chini unapoteleza au kufunguka. Kwenye Python zipo tayari, wasihangaike kuziandika upya ila wazichokonoe. Kina kinapimwa ukingo wa juu, katikati au chini? Kila aliyeandika kodi ana mtindo wake, soma maelezo. Na mwelekeo ndo unawachanganya zaidi, kwa hiyo namsimamisha mmoja katikati ya darasa, anatazama kule ufa unakoenda, daftari kalishika ubavuni likishuka kuelekea kulia kwake, namgeuza aangalie nyuma, daftari lilelile limebaki palepale, haya sasa linashukia upande gani wake? Kushoto, basi huo mwelekeo sio, lazima ushukie kulia. Wakicheka hapo hawasahau tena. Kuna mwanafunzi wangu aliweka digrii sehemu inayotaka radiani, wiki mbili nzima anailaumu data.

Hatua ya 3: setilaiti inatazama kwa ubavu, haioni kupanda na kushuka peke yake. Kwa Envisat, iliyopiga picha za Gelai, mzunguko mmoja wa rangi kwenye picha ya rada inayolinganisha kabla na baada ni msogeo wa sm 2.8 kwenye mstari wa kutoka ardhini kwenda kwenye setilaiti. Naprinti picha, wanahesabu mizunguko kwa kidole.

Hatua ya 4 usiiruke hata kama muda umebana. Watunge data wenyewe kwa ufa wanaoujua, wamwagie kelele (makosa ya kubahatisha kama ya vipimo halisi), halafu kompyuta iutafute. Warudie mara mia kadhaa, kila mara kelele mpya, wachore grafu ya mtelezo dhidi ya upana wa ufa. Nukta zitajipanga mshazari, upana ukipungua mtelezo unaongezeka, ni lile swali la hatua ya 1 limerudi. Data inajua vizuri mtelezo ukizidishwa na eneo, ila kimoja kimoja inababaisha.

Hatua ya 5 ndo Gelai yenyewe. Tetemeko kubwa kuliko yote lilikuwa 5.9, 17 Julai, hadi Nairobi watu walilisikia. Waache wajaribu na ufa peke yake, wewe nyamaza. Mabaki, yaani tofauti kati ya data na modeli, yatagoma kuisha, na msogeo utakuwa mkubwa mno kwa matetemeko yaliyorekodiwa. Waambie warudi kwenye picha: ardhi imeinuka pande mbili, katikati imezama kama mfereji. Akitokea mmoja akasema "mwalimu, hapa kuna kitu kimejipenyeza", mpe ruhusa aongeze daiki, ukuta wa magma (mwamba ulioyeyuka) uliosimama wima na kusukuma miamba pembeni, pamoja na nyufa za kuteleza juu yake. Ndo hapo unawakumbusha kwamba mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, jirani tu hapo, ulilipuka Septemba mwaka huohuo.

Ripoti ya mwisho naanza kusoma kwenye picha ya mabaki. Kama hamna, narudisha.