Kinu cha maji kuwa nyumba ya familia: anza na maji, malizia na rangi

Wageni wakija kwetu Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kitu cha kwanza wanachotaka kuona ni gurudumu. Mimi huwapitisha kwanza nyuma ya nyumba, kwenye lango la maji: ubao wa mti wa mwaloni, mpana kama mlango, unaopandishwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Usalama wa nyumba nzima uko pale. Tumeishi hapa tangu Oktoba 2013, mimi, mume wangu na watoto watatu, ndani ya kinu kilichosaga ngano na shayiri kwa vizazi. Jamaa zangu wa Unguja, na marafiki walioko huku, hawaishi kuniuliza: nyumba kama hiyo inanunuliwaje, inatengenezwaje, na watoto hawatumbukii? Nayaandika hapa niliyojifunza, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: maji, kuta, mashine, halafu ndiyo jiko na vyumba. Walioishi hapa kabla yetu walianza na jiko, na gharama ya mpangilio huo tuliilipa sisi.

Maji kwanza

Siku ya kwenda kuangalia nyumba, usiingie ndani. Vaa mabuti ya mvua ufuate maji kwa miguu. Juu mtoni utakuta banio, linalonyanyua maji na kuyageuza yaingie mfereji wa kinu. Mfereji unayaleta taratibu, karibu bila mteremko, mpaka kwenye bwawa. Lango linayaachia yaangukie gurudumu, na mfereji wa chini unayarudisha mtoni. Pembeni lazima pawe na njia ya pili, ya kupitisha maji yanayozidi. Njia hiyo ndiyo watu huifukia wakapanda majani ili bustani ipendeze. Ukiikuta imefukiwa, zungumza bei upya, maana itabidi uifukue.

Uliza banio ni la nani, na nani analifungua mvua ikinyesha usiku. Huku mwenye ardhi inayopakana na mto ana haki na wajibu: maji yapite bila kuzuiwa, na yatoke kwako bila uchafu. Kinu chako kinaweza kuwa mali yako huku banio liko shambani kwa jirani. Hapo mwanasheria wako asome hati mpaka apate mahali palipoandikwa haki ya kuingia shamba lile kulitengeneza.

Rudi mara ya pili baada ya mvua kubwa. Tazama miimo ya milango, kwa sababu wasagaji wa zamani waliweka kumbukumbu za mafuriko. Kwetu kuna mistari mitatu iliyochongwa kwenye jiwe la mlango wa chini, wa juu kabisa ukinifika gotini. Wakala wa nyumba alituambia ni mapambo. Msimu wetu wa kwanza wa baridi, ule wa kuingia 2014, mvua kusini mwa Uingereza haikukatika, na usiku mmoja gogo lilinasa kwenye lango. Nakumbuka mlio: maji ya mfereji, ambayo kila siku hunong'ona, yalianza kutoa sauti nzito kama lori lililosimama na injini inawaka. Mume wangu alishika tochi na mimi nilizungusha mkono wa chuma, na haukusogea hata jino moja kwa sababu haukupakwa grisi miaka. Alfajiri maji yalikuwa yamefika mstari wa pili, ndani.

Tangu usiku ule, chumba cha chini tumekipanga kama mtu anayemsubiri mgeni. Sakafu ni ya mawe juu ya chokaa, hakuna ubao wala zulia lililogundishwa. Soketi za umeme ziko usawa wa kifua, nyaya zinashuka kutoka juu wala hazipandi kutoka chini. Bomba la maji machafu lina vali ya kuzuia yasirudi ndani. Vitu vya thamani viko ghorofani. Maji yakija, tunayaacha yapite, tunasafisha tope kwa mpira, tunafungua madirisha. Wenye nyumba wanaoziba kila tundu kwa mifuko ya mchanga wakati maji nje yamepanda sana wanaweza kupoteza ukuta, kwa sababu uzito wa maji unasukuma upande mmoja tu.

Kuhusu bima: tangu 2016 Uingereza ina mpango uitwao Flood Re, unaozisaidia kampuni za bima kuzikubali nyumba za kuishi zilizo hatarini kwa mafuriko. Nyumba iwe imejengwa kabla ya 2009, jambo ambalo kwa kinu halina shaka, na mpango umepangwa kwisha 2039. Nyumba ya biashara haimo, kwa hiyo ukifikiria kupangisha vyumba kwa wageni, uliza kwanza. Pata bei ya bima kwa maandishi kabla hujaweka saini kwenye mkataba wa kununua, na ujiandikishe kupokea tahadhari za mafuriko za Environment Agency, idara ya mazingira ya serikali. Ni bure.

Kuta zinazovuta pumzi

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi wa chokaa Mji Mkongwe. Nilipokuwa mdogo nilimwona akizika chokaa shimoni, akaifunika mchanga, akaiacha miezi kabla ya kuigusa. Alikuwa akisema nyumba ya mawe ukiivika simenti umeifunga pua. Sikudhani maneno yale yangenifaa kilomita elfu kadhaa kutoka Unguja, lakini kuta za kinu cha Dorset na kuta za Shangani, kule Mji Mkongwe, ni ndugu. Mawe ni mengine, huku ni ya chokaa na kule ni matumbawe, ila tabia ni moja: unyevu unaingia, na lazima upewe njia ya kutoka.

Chumba chetu cha chini kilikuwa kimepigwa lipu ya simenti mpaka usawa wa dari, nyeupe na laini. Fundi aliyeipiga aliambiwa azuie unyevu, akauzuia kweli: ukashindwa kutoka ukapanda ndani ya ukuta. Mwaka wa pili niliona ukungu mweusi kwenye kona ya chumba cha watoto, juu, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Tukaita seremala. Alipandisha mbao mbili za sakafu akachukua bisibisi akaisukuma kwenye kichwa cha boriti ya mwaloni, pale inapoingia ukutani. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, bila nguvu, kama kisu kinavyoingia kwenye boflo. Boriti nne zilikuwa hivyo. Zilikatwa ncha zilizooza na kuungwa mwaloni mpya, na kazi ile ilimeza akiba yote tuliyoweka kwa ajili ya jiko.

Kwa hiyo fanya hivi. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole. Lipu ya simenti hutoa mlio mgumu, na mara nyingi utasikia uvungu ilipoachana na jiwe. Ibandue kwa patasi na nyundo ndogo, kwa uvumilivu, maana mashine ya kupasulia hubeba na uso wa jiwe. Kisha uache ukuta ukauke. Wetu ulichukua majira mawili ya joto, tukiishi na mawe yaliyo wazi na vumbi kwenye chai. Lipu mpya iwe chokaa na mchanga mkali, kiasi sehemu moja ya chokaa kwa mbili na nusu au tatu za mchanga, katika tabaka nyembamba, kila moja ipewe siku zake. Usifanye kazi hiyo baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, wala chini ya jua kali. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ili isikauke kwa pupa. Juu yake paka chokaa ya maji, usipake rangi ya plastiki, la sivyo umerudi palepale.

Ruhusa

Vinu vingi vya zamani Uingereza vimeorodheshwa kisheria kama majengo ya kihistoria, vingi katika daraja la II. Ulinzi huo unagusa nje na ndani, pamoja na gia na mawe ya kusagia yaliyofungwa humo. Kubadilisha chochote kinachoathiri hadhi ya jengo bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na madai yanaweza kumfuata mnunuzi: ukinunua nyumba ambayo aliyekutangulia alivunja ukuta bila kibali, unaweza kuamriwa wewe uurudishe. Maombi ya kibali hicho hayana ada. Sisi tulimwalika afisa wa majengo ya kale aje anywe chai kabla hatujachora mchoro wowote, na alituokoa na makosa mawili.

Popo nao wanalindwa kwa sheria ya 1981. Wanapenda mapaa ya vinu. Uchunguzi wa kuwahesabu wakitoka jioni hufanywa kati ya Mei na Septemba, basi ukinunua nyumba Oktoba na paa linavuja, panga mapema la sivyo utasubiri mwaka.

Mashine usiing'oe

Hapa nasema kwa moyo wote. Mtu akikushauri utoe gia ili upate nafasi ya sofa, mshukuru umwage. Ndani ya kinu kuna fremu nene ya mbao iliyobeba mawe na gia, na mara nyingi imesimama peke yake, haikushikana na kuta, ili mtikisiko usilipasue jengo. Yetu ndiyo ukumbi wenyewe: tumeweka meza ya kulia kando yake, na watoto wamefanya kazi zao zote za skuli chini ya gurudumu la chuma lenye meno ya mti wa mtofaa. Meno ya mbao yaliwekwa makusudi. Hayapigi kelele sana, hayatoi cheche penye vumbi la unga, na likivunjika moja unachonga jingine badala ya kutupa gurudumu zima. Juu ya fremu kuna jiwe la kusagia la Kifaransa, kutoka La Ferté-sous-Jouarre mashariki ya Paris, vipande vilivyounganishwa na kufungwa pete za chuma. Lina uzito wa karibu tani moja. Usilihamishe kwa sababu ya mapambo, kwani sakafu ilijengwa kulibeba hapo lilipo.

Je, gurudumu litatoa umeme? Piga hesabu kabla ya kuota. Zidisha mita za ujazo za maji kwa sekunde, mara kimo cha maporomoko kwa mita, mara 9.81, upate kilowati. Kwetu, lita 300 kwa sekunde zikianguka mita 2 ni 0.3 mara 2 mara 9.81, karibu kilowati 5.9. Gurudumu, gia na jenereta vikishakula sehemu yao, hubaki kiasi cha nusu. Kilowati 3 zinazokwenda mchana na usiku si haba, lakini kiangazi mto hupungua. Na ukichota mtoni zaidi ya mita 20 za ujazo kwa siku unahitaji leseni, hata kama maji yote unayarudisha. Watakuuliza pia kuhusu mikunga, samaki wanaopanda mito hii kutoka baharini, na huenda ukatakiwa kuwajengea njia yao.

Watoto

Somo la kuogelea kabla ya kuhamisha vitanda. Shimo la gurudumu lina uzio wa chuma wa mita 1.1, nondo za wima zisizopandika, na mlango wenye kitasa upande wa juu. Boya la kuokolea limening'inizwa bwawani na lingine kwenye mfereji wa chini, ambako ukuta ni mrefu na mtu hawezi kujitoa mwenyewe, kwa hiyo pana ngazi ya chuma. Sheria ya nyumba ni moja na haina msamaha: hakuna anayegusa lango peke yake, hata mimi.

Kabla hujanunua, tembelea vinu vinavyofanya kazi usikilize vinavyozungumza. Kuna kinu cha Sturminster Newton hapa Dorset, kilicho kwenye mto Stour, na kinu cha mjini Winchester. Wikiendi ya pili ya Mei vinu vingi nchini hufunguliwa kwa umma, na wenyewe hupenda sana kuulizwa.

Ukishahamia, kazi ya kila wiki ni kusafisha wavu wa nondo mbele ya lango kwa reki ndefu. Kila mwezi paka grisi mkono wa chuma, pandisha lango mpaka juu, lishushe. Novemba, majani ya miti yakipukutika, wavu unataka reki asubuhi na jioni, na kwetu zamu ya jioni ni ya kifungua mimba, tochi kichwani, baba yake amesimama nyuma yake.