OOP ya mwaka wa kwanza: anza na matatu ya steji, si na notsi

Kama uko chuo kikuu cha Maseno, Masinde Muliro ama Egerton na OOP (object-oriented programming, kuandika programu kwa klasi na obijekti, hapa kwa lugha ya Java) imekulemea, kwanza wacha kukremu maana ya inkapsulesheni usiku wa kuamkia CAT (ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula). Utaiandika vizuri kwa karatasi na bado ukikalishwa mbele ya kompyuta mkono hausongi.

Chukua kitu unakijua, mfano matatu za Kisumu kwenda Busia. Klasi ni mchoro: inasema kila matatu iko na viti na abiria, na inaweza kupandisha na kushukisha. Obijekti ni gari yenyewe imesimama steji ikiita watu wa Luanda. Mchoro mmoja, magari mengi, kila gari na abiria wake. Na huu mfano si wa kubahatisha, Simula, ile lugha ya Norway iliyoanzisha haya mambo miaka ya 1960, ilitengenezwa kuigiza vitu kama foleni na usafiri.

Sasa idadi ya abiria iweke private, yaani ifiche isiguswe kutoka nje ya klasi. Ukiiacha wazi mtu yeyote ataandika abiria = 40 kwa gari ya watu 14 na Java itanyamaza tu. Ikifichwa, lazima apitie metodi (kitendo ambacho klasi inaweza kufanya) ya pandisha, na hapo ndani ndo unaweka if ya kuangalia kama viti vimebaki. Hiyo ndo inkapsulesheni, umeshaijua bila kukremu.

Pale watu wengi huangukia ni hapa, so soma polepole:

Matatu a = new Matatu(14);
Matatu b = a;
b.pandisha(5);

Ukiuliza a iko na abiria wangapi, wengi watasema sifuri. Ni 5! Neno new, linalotengeneza obijekti mpya, limetokea mara moja, kwa hivyo gari ni moja, a na b ni majina tu. Ni kama jamaa anaitwa Otieno nyumbani na Brian chuoni, ukimlisha Otieno, Brian ameshiba. Chora boksi kwa karatasi, jina upande huu, gari upande ule, mshale katikati, na ufanye hivyo kila siku hata stima ikipotea. Jina likikosa mshale hiyo ndo null, na ukiliambia lipandishe watu programu inakufa na NullPointerException.

Inheritansi, yaani klasi moja kurithi kutoka kwa nyingine, usiiharakishe. Sema sentensi kwa mdomo: tuktuk ni chombo cha usafiri, sawa, tumia extends. Tuktuk ni injini? Hapana, tuktuk iko na injini, so injini inakaa ndani kama fildi, yaani kitu ambacho klasi inabeba ndani yake.

Vitu vidogo vya Java: jina la faili lifanane na klasi ya public, na String (maandishi) mbili zilinganishe na equals, si ==, juu == inauliza kama mishale inaelekea boksi moja.

Leo jioni andika Matatu peke yako bila kukopi, alafu jaribu kupandisha mtu wa 15 uone kama gari yako itamkataa.